Unga Mbichi wa Ihanja

Mume wangu alikuwa mtu wa kukaa, mimi mtu wa kuinuka. Aliweza kuketi juu ya gunia tangu asubuhi hadi adhuhuri, mkono shavuni, akingoja mteja mmoja wa kiberiti, na wala asione kwamba siku inapotea. Mimi nilikuwa nafagia duka lililokwisha kufagiwa, napanga upya makopo ya mafuta ya taa, natoka barabarani kutazama upande wa Singida, narudi ndani, natoka tena. Alikuwa akinitania kwamba mama yangu alinizaa akiwa njiani. Nami nilimjibu kwamba yeye alizaliwa amelala, na bado hajaamka vizuri.

Duka letu lilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye paa la bati, kando ya barabara kuu pale Ihanja. Bati lile lilitokana na miaka sita ya kukata mkonge pwani, kabla hajanioa. Tuliuza chumvi, viberiti na vitambaa vichache, lakini biashara hasa ilikuwa nafaka. Alikuwa na punda wanne. Baada ya mavuno aliwapeleka Sepuka, na mwaka mzuri hata mpaka Iguguno, akanunua mtama na uwele kwa wakulima, akaja kuuza kwetu miezi ile ambayo vihenge vya watu huanza kutoa sauti ya utupu. Aliuza kwa kibaba, na kibaba chake kilikuwa na kilima juu. Mwenye watoto wengi aliongezewa gao moja la mkono. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo, ndivyo kila mtu alivyouza.

Kisha ikaja vita ya Wazungu, na katikati ya vita mvua ikatunyima mwaka mzima. Serikali ikashika nafaka yote. Ikawa mtu hawezi kuhamisha hata debe moja kutoka eneo hili kwenda lile bila cheti cha boma. Ukikutwa njiani na punda aliyebeba mtama, mtama unachukuliwa, na punda pengine pia. Wafanyabiashara waliokuwa wakinunua Iguguno wakageuka watazamaji. Wenye maduka makubwa ya Singida mjini, Wahindi waliokuwa wakikusanya magunia mpaka darini, nao walitoa yote yakaandikwa. Punda wetu wanne wakawa wanazurura nyuma ya nyumba wakila mabua ya paa la jikoni, na mimi nikiwafukuza mara kumi kwa siku.

Boma likatoa leseni. Kila sehemu mtu mmoja tu angeuza chakula cha serikali, kwa bei ya serikali, kwa mizani ya serikali, kwa watu wenye kadi za serikali. Ihanja leseni hiyo alipewa mume wangu, kwa sababu alijua kusoma tarakimu na hakuwa na kesi na mtu. Karatasi yenyewe aliitundika juu ya mlango wa ndani, na jioni nilimkuta amesimama mbele yake akiitazama. Bila karatasi ile tusingekuwa na biashara. Chumvi na viberiti visingelisha watoto wawili, mama yake mzazi na mimi.

Kulikuwa na sharti moja lililowachekesha watu mwanzoni. Nafaka ilitoka boma ikiwa nzima, lakini sisi tuliruhusiwa kuuza unga tu. Mzungu aliogopa kwamba watu wakipewa mtama mzima watauotesha na kupikia pombe, na kusema kweli hakukosea sana. Basi magunia yakifika, ilikuwa juu yetu kutafuta wanawake wa kusaga. Wanawake sita wa jirani walikuja na mawe yao ya kusagia kwenye uwanja wetu. Ujira wao ulikuwa pumba na bakuli la unga. Kazi ya kuwasimamia ilikuwa yangu, na kazi ya kupima dukani nayo ikawa yangu, maana mume wangu alipima polepole mno. Aliweka jiwe la mizani, akaondoa, akasafisha sahani kwa kiganja, akaliweka tena. Foleni ilifika barabarani. Siku ya pili tu nilimwambia, "Baba watoto, kaa pale utoboe kadi. Mizani niachie mimi."

Akakaa. Kukaa kulimfaa.

Sasa, kwetu unga hausagwi mkavu. Mtama hunyunyiziwa maji kabla ya kutwangwa, ili pumba ziachane na punje, kisha unapepetwa na kusagwa ukiwa bado na unyevu. Unga ukitoka kwenye jiwe ni mbichi, ukiufumbata unashikana. Wa kupika leo unapikwa hivyo hivyo. Wa kuweka unaanikwa juani juu ya ngozi ya ng'ombe, la sivyo unachacha. Kila mtoto wa kike wa Unyaturu anajua hayo kabla hajaota meno ya pili.

Tulipouza kwa kibaba jambo hilo halikuwa na maana yoyote. Lakini mizani ni kitu kingine. Wiki ya kwanza niliuanika unga wote kabla ya kuuza, na ukatosha watu kwa shida, wa mwisho akapata makombo ya kwenye ngozi. Wiki ya pili foleni ilianza jua halijachomoza, watu wamekonda, watoto wanalia migongoni, na mimi sikuwa na moyo wa kuwaambia wangoje unga ukauke. Nikauza mbichi. Jioni, kadi zote zimetobolewa, ndani ya kasha palikuwa na unga umebaki. Nikafikiri wasagaji wamefanya vizuri. Wiki ya tatu nikauza mbichi tena, na tena ukabaki, kiasi cha bakuli tatu kubwa. Nilisimama mbele ya kasha lile nikajua. Maji yalikuwa yamekaa kwenye sahani ya mizani pamoja na unga, na watu walikuwa wameyalipia na kwenda nayo.

Nitasema wazi, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumdanganya. Nilijua tangu wiki ya tatu. Ule unga wa ziada niliupeleka jikoni kwangu. Watoto wangu hawakuvimba matumbo mwaka ule, na mama mkwe wangu, aliyekuwa amekwisha kuaga dunia mara mbili kwa maneno yake mwenyewe, alipata uji kila asubuhi. Mume wangu alidhani tunakula ujira wa kusimamia wasagaji. Hakuuliza, nami sikumweleza. Kila nilipopima nilikuwa nasema haraka haraka, "Haya, haya, mwingine," nikisukuma watu mbele, na wao wakanisifu kwamba mama wa duka ana mkono mwepesi.

Tulikwenda hivyo miezi mitatu. Karani wa kwanza wa unga alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, aliyekuja kwa baiskeli na kuhesabu magunia tu. Kila gunia lilikadiriwa kutoa ratili kadhaa za unga, na kadi zikilingana na makadirio, alikunywa maji akaondoka. Halafu akabadilishwa. Karani mpya alikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi, asiyeamini makadirio. Alitaka unga wenyewe upandishwe kwenye mizani mbele yake.

Alifika siku ambayo wanawake walikuwa wamemaliza kusaga. Unga ulikuwa bado mbichi ndani ya makapu. Nilimwambia, "Bwana Karani, ngoja kidogo tuuanike, ndio tupime."

"Mama, mimi nina safari ya Sepuka," akasema. "Unga ni unga."

Ningeweza kubisha. Kwa kawaida mimi hubisha hata nisipokuwa na sababu. Lakini kumweleza kwa nini unga mbichi usipimwe kungekuwa kumwonyesha nilichokuwa nafanya kila wiki, kwa hiyo nikanyamaza na kumbebea makapu. Akapima, akaandika uzito na idadi ya kadi za kuuziwa kwa uzito huo, akamtaka mume wangu atie saini. Kisha akasema mauzo yasimame mpaka Jumamosi, kwa kuwa kadi za zamani zinarudi boma kugongwa muhuri mpya.

Siku nne. Siku ya kwanza nilizunguka kasha. Siku ya pili nilifungua kifuniko nikanusa, harufu ya uchachu ilikuwa imeanza. Chakula cha kijiji kizima, na watu wanalala na njaa wakikisubiri. Nikatandaza ngozi zote uwanjani, na mikeka juu ya majani, nikauanika. Mume wangu alinisaidia, hata akaimba kidogo. Unga ukakauka vizuri, mweupe, unateleza vidoleni. Jumamosi tulipouza, watu wa mwisho kumi na mmoja walirudi nyumbani mikono mitupu. Upungufu ulikuwa ratili kumi na nane.

Karani, aliyerudi kukagua mauzo, hakupandisha sauti. Aliandika neno ulanguzi kwa hati nzuri. Kwake jambo lilikuwa rahisi: unga ulikuwapo, yeye ameuona kwa macho, sasa haupo, basi umetoka kwa mlango wa nyuma kwa bei ya gizani. Alitwaa leseni juu ya mlango, akaikunja, akaitia mfukoni. Mume wangu akaambiwa afike boma Singida baada ya siku tano kujieleza, na kama hana maelezo, leseni haitarudi.

Siku zile tano sikuketi. Nilikwenda kisimani bila mtungi. Nilikwenda kwa wale wanawake wasagaji, mmoja baada ya mwingine, nikawaambia waje boma waseme kwamba hatukuuza kwa magendo. Wote sita walikubali mara moja. Walikubali pia watu wengine wa foleni, hata wawili kati ya wale kumi na mmoja waliokosa. Mmoja wao alikuwa bibi aliyelea wajukuu wanne peke yake. Nilipomwamkia shikamoo akaitikia, akanishika mkono. "Mumeo hawezi kuiba," akasema kwa Kinyaturu. "Nimemjua tangu hajavaa nguo. Nitatembea mpaka huko, hata kama nitatambaa."

Mume wangu yeye aliketi tu. Nikamwambia usiku na mchana kwamba ni unyevu, ni unyevu tu, unga umekauka, waambie. Akasema, "Mzungu hatanielewa kwa maneno." Hapo ndipo wazo likanijia, nami kama kawaida yangu nikalirukia kabla sijalizunguka kulitazama upande wa pili. Nilisema tutabeba jiwe la kusagia. Tutasaga mbele yake, tupime, tuanike, tupime tena. Aone kwa macho yake, kama karani alivyoona kwa macho yake.

Akanitazama kwa furaha ambayo sijaisahau. "Mama watoto," akasema, "wewe ungekuwa hakimu."

Punda mmoja alibeba jiwe, mwingine kinu. Tulitoka watu kumi na watano, tukalala njiani kwa jamaa, tukaingia Singida asubuhi ya pili. Baraza lilikuwa uwanjani mbele ya boma. Bwana Shauri, mkuu wa boma, alikuwa Mzungu mwembamba mwenye pua iliyobabuka kwa jua, na karani wetu alisimama karibu naye kufasiri. Mume wangu alipoanza kujieleza alichelewa kwenye kila neno, mpaka nikashindwa. Nikasogea mbele, nikasema tupewe nafasi tuonyeshe. Karani alifasiri kwa kusita. Mzungu aliegemea kiti, akatazama jiwe la kusagia juu ya punda, akaonekana kupendezwa.

Nikanyunyiza maji, nikatwanga na wenzangu wawili, nikapepeta, nikapiga magoti nikasaga. Sikuwahi kusaga haraka hivyo. Unga ukawekwa kwenye mizani ya boma, karani mwenyewe akasoma: ratili kumi kamili. Tukauanika juu ya ngozi. Mzungu akaendelea na kesi nyingine za mipaka na mahari, na mimi nikazunguka ile ngozi kufukuza kuku wa askari, nikiugeuza unga kwa kiganja kila mara. Jua lilikuwa kali, Mungu asifiwe, na upepo wa Singida haukosi. Alasiri wakaurudisha kwenye mizani. Ratili nane na robo.

Watu wetu wakanong'ona, wengine wakapiga vifijo vya chini chini. Bibi wa wajukuu wanne akasema, "Mmeona." Mume wangu alinyoosha mgongo. Karani alisoma mizani mara mbili, kisha akafuta jasho shingoni. Kwa muda huo mdogo niliona leseni ikirudi juu ya mlango wetu, nikaona na mimi nikirudi kwenye mizani yangu.

Bwana Shauri aliandika kitu. Akauliza swali bila hasira, akichezea kalamu, na karani akalifasiri akiwa bado anamtazama mume wangu.

"Bwana anasema amekubali. Unga ulipungua kwa kukauka, hukuuiba. Sasa anauliza: miezi mitatu nyuma hapakuwa na upungufu hata ratili moja. Wiki zile unga uliuanika?"

Niliona swali likitembea kutoka uso hadi uso katika watu wetu, polepole. Wasagaji walielewa kwanza, kwa kuwa walijua unga ulikuwa ukitoka kwenye mawe yao kwenda moja kwa moja dukani. Mmoja wao akainamisha kichwa. Wale wa foleni wakafuata. Bibi aligeuka akatazama ngozi, unga kidogo uliobaki umeshikamana na manyoya, kisha akamtazama mume wangu.

"Anauliza tena," akasema karani. "Watu walikuwa wanauziwa unga mkavu au unga wenye maji?"

Mume wangu alitazama chini, halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono imejaa unga mpaka viwiko. Nadhani ndipo alipoelewa yale mabakuli ya jikoni. Uso wake haukubadilika sana. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta mahali pa kuketi.

"Wenye maji," akasema.

"Nani alikuwa anapima?"

Mimi ambaye sijawahi kushindwa kuzungumza, niliyemkata maneno mume wangu mbele ya wakwe, niliyemfundisha Mzungu kusaga mtama uwanjani kwake, nilifungua mdomo na hapakutoka kitu. Nilikuwa nawaza watoto. Nilikuwa nawaza wale watu kumi na watatu waliotembea siku mbili kwa ajili yetu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza mimi mwenyewe.

"Mimi, Bwana," akasema mume wangu. "Mizani ilikuwa mkononi mwangu."

Watu wote wa Ihanja waliokuwapo pale walijua kwamba siku zote mizani niliishika mimi. Lakini mume ndiye mwenye duka, na mke hupima anavyoagizwa, ndivyo walivyolielewa neno lake. Hakuna aliyembishia. Leseni ikachanwa mbele yake. Akapigwa marufuku kuuza chakula cha aina yoyote maadamu vita inaendelea. Tulirudi tukiwa wawili na punda, kwa maana wenzetu walitangulia bila kutuaga.

Njia nzima nilingoja aniulize. Nilitembea mbele, nikarudi nyuma, nikarekebisha jiwe juu ya punda ambalo halikuwa limelegea. Karibu na nyumbani alisema tu kwamba ukwato wa punda mmoja unahitaji kutazamwa.

Miezi miwili ilipita kabla boma halijampa mtu mwingine leseni, na miezi hiyo watu wa Ihanja walitembea mpaka Singida kutafuta unga. Walipita mbele ya duka letu wakienda na wakirudi. Wengine walimwita muuza maji, kwa sauti ya kumfikia. Yeye aliketi mlangoni juu ya gunia tupu na kuitikia salamu za wachache waliosalimia. Nilimwomba akae ndani. Akasema ndani kuna joto.

Mimi hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililonizungusha nyumba nzima mchana kutwa. Wanawake waliponikuta kisimani waliniachia nafasi nichote kwanza. Walinipa pole. Waliona nimeolewa na mtu mbaya, nami nimevumilia.

Siku moja alasiri bibi wa wajukuu wanne alirudi kutoka Singida, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Hakumsalimia mume wangu pale mlangoni. Alinifuata uwanjani, akafungua kitambaa chake, akanimiminia unga kwenye ungo wangu, kama vibaba viwili. Ulikuwa mkavu.

"Chukua, mwanangu," akasema, na hakujali kushusha sauti. "Wewe hatuna neno nawe. Tunajua aliyetuibia ni yule."

Kutoka mlangoni mume wangu alisikia kila neno. Niliona mgongo wake tu. Sikuwa mbali, ningeweza kusema maneno matatu, na bibi yule angeyasikia, na yeye angeyasikia. Nikapiga magoti kidogo, kama mtu anavyopokea kitu cha mkubwa, nikaupokea ule unga kwa mikono miwili, nikasema asante.